Mfasiri wa Filamu ya Kamba

Wajukuu zangu wakiniambia kwamba filamu fulani ni mbaya kwa sababu inakawia, huwa nawauliza inakawia kufika wapi. Hawajui. Wananitazama kama bibi aliyechelewa kufa, kisha wanarudi kwenye filamu zao za mateke. Mimi, Salama binti Ramazani, sina subira na watu wasio na subira, na sababu yangu ninayo. Inaitwa Papa Onésime.

Baba yangu alikuwa mfanyabiashara wa Kalemie, wa ukoo wa wale Waislamu waliofika na biashara ya ziwani zamani za mababu. Serikali ya Zaire ilipochukua mali za wageni na kuwagawia wenyeji, wenzake waligombania maduka ya vitambaa na maghala ya chumvi. Baba akapewa sinema. Shangazi zangu walimcheka mpaka wakachoka: Mwislamu mzima, mtu wa safu ya kwanza msikitini, anauza picha! Lakini Baba alipenda kuona ukumbi umejaa. Nilipomaliza shule aliniweka mlangoni nikate tiketi, kwa kuwa, alisema, hakuna mhuni atakayepita bure mbele ya ulimi wangu.

Onésime tulimkuta humo humo. Alikuja pamoja na viti.

Kwao ni Moba. Alisomeshwa na mapadri mpaka akakaribia kuvaa kanzu yao, kisha akamsikia Marceline akiimba kwaya, akaona heri kanzu hiyo wavae wengine. Walihamia Kalemie siku ambazo mji bado uliitwa Albertville. Siku za kazi alikuwa karani kwenye biro, yaani ofisi, ya gari la moshi, mtu wa shati jeupe na kalamu mfukoni. Jumapili alasiri alikuwa mfasiri wetu. Filamu zilisema Kifaransa, na wengi waliokuja kuzitazama walikuwa wavuvi, wapagazi wa bandarini na akina mama wa sokoni, ambao Kifaransa chao kiliishia kwenye bonjour. Basi Onésime alisimama chini ya kitambaa cheupe cha kuonyeshea picha, upande wa kushoto, na kila walichosema wale wazungu yeye alikirudia kwa Kiswahili. Wakati wa amri ya kurudia majina ya asili alipewa la Banza, na kazini akawa Citoyen Banza, yaani Mwananchi Banza. Ukumbini hakuna aliyehangaika nalo.

Wafasiri wengine nimewasikia, wa Kabalo na wa Kongolo. Wanasema mfululizo kama redio ya jirani. Wakiona mtu anakunywa maji, wanakuambia anakunywa maji, kana kwamba umekuja sinema ukiwa umefumba macho. Onésime hakuwa hivyo. Palipo na maneno alisema, na palipo na kimya alinyamaza, akakunja mikono na kutazama pamoja nasi. Nilimwuliza siku moja mbona hajazi zile nafasi.

"Mwenye filme amenyamaza," akanijibu. "Miye ni nani niseme?"

Filamu iliyotufanya tumjue vizuri ilishuka kwenye gari la moshi kutoka Lubumbashi ndani ya masanduku ya bati. Jina lake la Kifaransa lilikuwa refu na hakuna aliyelikumbuka. Mji uliiita Filme ya Kamba. Inahusu wanaume wawili walio ndani ya chombo kinachosafiri kati ya nyota. Kazi yao huko siielewi hata leo. Wanakula vitu vya kukamua kutoka kwenye bomba, wanalala wamefungwa kama watoto mgongoni, wanasoma mishale ya saa nyingi ukutani. Kisha kitu kinaharibika nje, na yule mdogo wao anatoka kwenda kukitengeneza, amefungwa kamba kiunoni. Kamba inakatika. Hakuna mlipuko, hakuna adui, hakuna muziki. Mtu anaanza kwenda polepole, akijigeuza, mweupe ndani ya weusi, anakuwa mdogo, anazidi kuwa mdogo. Ungeweza kutoka nje, ukanunua karanga, ukabishana na muuzaji, ukarudi na kumkuta bado anakwenda. Mwenzake ndani ya chombo anaita kwenye redio, anaita, anaita. Mwishowe anavua vile vya masikioni na kusema kwa Kifaransa kwamba amempoteza. Onésime alilitoa kwa neno moja.

"Amepotea."

Zinaonyeshwa nyota kidogo, filamu inaisha.

Leo ukiwawekea watu kitu hicho watavunja viti. Wakati ule walikaa. Redio ilikuwa imetuambia kwamba watu wametembea mwezini, na sisi tulitaka kujua huko kukoje. Kama kuko kimya, basi tutasikiliza kimya. Wavuvi walikuwa na mashauri yao. Mmoja alisema kosa ni la fundo, halikufungwa mara mbili. Mwingine akasema kamba nyembamba vile haifai hata kwa mbuzi. Walibishana kwa kunong'ona, kwa adabu, kama watu walio msibani. Hakuna aliyeuliza kama yule kijana amekufa. Mtu wa ziwani haulizi hivyo. Chombo kikitoka na kisirudi, unasema wamepotea, unangoja, na lile neno jingine linakuja lenyewe kwa wakati wake. Onésime alikuwa ametumia neno letu, na tulimheshimu kwa hilo.

Wale waliotukodisha filamu baadaye walifunga biashara yao, na masanduku yakabaki kwetu bila mtu wa kuyadai. Kila gari la moshi lilipofika bila filamu mpya, na lilizidi kufika hivyo, Baba alirudisha Filme ya Kamba. Hata watoto waliijua kwa moyo.

Sasa nifike kwa Cyrille, ingawa sipendi.

Onésime na Marceline walizaa watoto kadhaa, akakua mmoja tu. Kwa hiyo mji mzima ulimwita mama yake Mama Cyrille, na baba yake, nje ya ukumbi, Papa Cyrille. Alikuwa kijana mrefu, mwenye miwani, mpole hadi unachoka. Alipata diploma yake, akapangiwa kufundisha Moba, na kwa sababu barabara ilikuwa matope matupu akapanda boti la mizigo. Lilijaa saruji na watu. Upepo ukalikuta katikati ya njia, na ziwa letu likikasirika halina mswalie Mtume. Wengine waliogelea. Wengine waliokotwa mchangani siku zilizofuata, wakazikwa. Cyrille hakuonekana, si yeye, si kiatu chake.

Kisha mchuuzi mmoja wa Kigoma akasema sokoni kwamba ng'ambo kule ameona kijana mrefu mwenye miwani, msemaji wa Kifaransa, anabeba mizigo bandarini. Mchuuzi huyo alikuwa mwongo anayejulikana pande zote mbili za maji. Haidhuru. Mama Cyrille alilishika neno lake kwa mikono miwili.

Kaka yake, Damien, katekista, alikuja kutoka Moba kusema lile ambalo kila mtu alilifikiri. Mtu asiyeliliwa hapumziki, alisema. Pasipo maiti huzikwa nguo zake. Tuweke matanga, tulie, tuondoe matanga, mambo yaishe. Nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka unga. Mama Cyrille alikuwa anapanga sahani mezani: ya mumewe, ya kaka yake, yake, na moja zaidi.

"Dada," Damien alisema kwa upole, akiitazama ile sahani, "asiyekuwapo na lake halipo."

"Mutoto yangu hakufa," akajibu. "Amepotea. Muntu akipotea, siku moja anaonekana pa mulango, unamuambia, 'Eh, umepotea sana!' unamupa maji ya kunywa. Haiko vile tunasalimiana? Mukisha kulia, mukisha kuzika shati yake, siku akifika tutamusalimia namna gani?"

Mama Cyrille akamgeukia mumewe.

"Onésime, weye njo mwenye maneno. Ile neno yao isitoke mu kinywa yako."

"Haitatoka," alisema Onésime.

Alimwapia hivyo mbele yetu. Dini yangu mimi ingekuwa imekwisha kumswalia yule kijana na kumkabidhi kwa Mungu, na moyoni nilikuwa upande wa Damien. Lakini nilimtazama mama yule na sahani yake, nikafunga mdomo, jambo ambalo wanaonijua wangelistaajabia.

Zamu ya Filme ya Kamba iliporudi, Baba aliona haya. Alimwambia Onésime kwamba wanaweza kuonyesha nyingine, hata ile ya wachunga ng'ombe iliyokatika-katika. Onésime alisema ionyeshwe. Jumapili hiyo Mama Cyrille, ambaye hakuwahi kupenda sinema, alikuja akakaa karibu nami, safu za mbele. Kijana alipoanza kwenda gizani, alisogea mpaka ukingo wa kiti. Nilitaka kumshika mkono, nikaogopa. Hakulia. Macho yake yalimfuata yule mtu mweupe mpaka alipokuwa nukta, na hata nukta ilipokwisha aliendelea kutazama mahali ilipokuwa. Mumewe akasema, "Amepotea." Mama Cyrille akashusha pumzi.

"Unasikia, Salama?" aliniambia. "Hata kule juu, na masini zao zote, hawakusema alikufa."

Tangu hapo hakukosa hata mara moja. Wenzake wa kanisani walikuwa na makaburi ya kupeleka maua. Yeye alikuwa na kile kipande cha filamu, na kwa sababu kilikuwa kirefu alipata muda wa kukaa na mwanawe. Sijui kulieleza vizuri zaidi. Kukawia kule kunakotukanwa leo ndiko kulikomtunza. Alitoka ukumbini uso umetulia, akaenda sokoni, akapika, akaweka sahani.

Kisha ikaja video.

Sulemani, binamu wa mama yangu, alileta televisheni na mashine yake kutoka Bujumbura, akaviweka kwenye ghala tupu karibu na soko, pamoja na jenereta iliyonguruma kuliko filamu zenyewe. Alionyesha Wachina wanaopigana. Teke halihitaji mfasiri. Mtu anauawa kabla hujakaa, ndugu yake analipiza kisasi kabla hujameza karanga, na wakati bado unajiuliza kosa la yule wa kwanza lilikuwa nini, ukoo mzima umekwisha. Vijana wakalewa. Walipokuja kwetu walikuja na miguu inayorusha mateke tayari, na kimya kidogo tu kikitokea walianza: "Endesha! Endesha!" kana kwamba mashine yetu ni lori lililokwama.

Sikuwachukia wote. Wengi wao baba zao hawakulipwa kazini, shule zilifungwa na kufunguliwa kama duka la mlevi, na nchi nzima ilikuwa imeambiwa ingoje, ingoje, mazuri yanakuja. Labda walikuwa wamekwisha kungoja vya kutosha nyumbani. Hilo nalielewa leo. Wakati ule nilitaka kuwapiga na kiti.

Baba alimwita Onésime bironi, mimi nikiwapo.

"Tukate pale anaelea," alisema. "Kamba ikikatika, iishe."

"Papa Ramazani, kata fasi ingine yote. Ile uniachie."

Baba alijua kwa nini. Mji mzima ulijua. Alijikuna ndevu, akatazama viti vilivyovunjika vikiwa vimerundikwa pembeni.

"Basi wakalishe watu," akasema. "Fanya vile unajua. Wakivunja tena, nitanunua video, na video haina kazi na mufasiri."

Hapo ndipo Onésime, mtu wa kimya, alipoanza kukijaza. Iliniuma kumsikia. Kijana alipoanza kwenda gizani, alimsemea: anaona dunia, anaona ziwa letu, anaona taa za wavuvi wa ndakala, wale dagaa wetu, anaona paa la stesheni, anamwona Mama Constance wa sokoni anavyowapunja watu samaki. Watu walicheka, Mama Constance akatukana kwa furaha, ukumbi ukatulia. Jumapili kadhaa ilifaa. Mama Cyrille alivumilia. Alininong'oneza kwamba si vibaya, mtoto huko aliko anakumbushwa nyumbani. Lakini aliyezoea pilipili, chumvi haimtoshi. Baadaye walianza kupiga kelele juu ya sauti yake. Hawakutaka kujua kijana anaona nini. Walitaka mwisho wake, na waupate sasa hivi.

Jumapili yenyewe ilikuwa ya mvua. Jenereta ya Sulemani ilikuwa imeharibika, na wateja wake wote wakamiminika kwetu, wamelowa, wamekasirika tayari. Nilimwambia Baba tuonyeshe ile ya ng'ombe. Ilikuwa imeungua ndani ya mashine wiki iliyopita. Hatukuwa na nyingine.

Mama Cyrille alikuwa mahali pake, amejifunga kitenge kizuri, mkoba mapajani. Nyuma yake waliketi akina mama wa sokoni. Vijana walikivumilia chakula cha bomba, wakaivumilia mishale ya saa kwa kupiga miluzi. Kamba ikakatika. Yule kijana akaanza kwenda.

"Endesha!"

Onésime alianza habari ya ziwa na taa. Hawakumwacha. Mmoja wa nyuma kabisa alipaza sauti: "Mufasiri! Alikufa ao hakufa?" Wengine wakacheka, wakalidaka, na likawa wimbo, kwa makofi na kwa miguu sakafuni. Alikufa ao hakufa! Sema! Alikufa ao hakufa! Sema! Gunzi la muhindi lilirushwa likampiga Onésime kifuani, juu ya shati jeupe. Nilisimama nikawatukana matusi yangu yote, hata yale niliyokuwa nikiyawekea akiba, na hakuna aliyesikia hata moja.

Nilimwona Onésime akimtafuta mkewe kwa macho. Mwanga wa picha ulimpiga usoni, akaonekana mzee kuliko nilivyomwona mlangoni. Aliinua mkono. Nilidhani atawaomba wanyamaze, na nafikiri yeye mwenyewe alidhani hivyo. Lakini mtu akiulizwa swali moja na mji mzima, na swali hilo ndilo analolala nalo na kuamka nalo, sijui. Labda naye alikuwa amechoka kungoja. Labda tangu boti lile alitamani mtu amlazimishe.

"Amekufa," alisema.

Hawakusikia vizuri, wakapunguza kelele.

"Amekufa!" akasema tena, kwa ile sauti yake ya kazi inayofika mpaka mlangoni. "Alikufa siku ileile. Iko chini ya maji na saruji, na miwani yake. Hakuna muntu atarudi. Mumesikia sasa? Alikufa!"

Yule wa kwenye filamu hakuwa na miwani. Wala huko kwenye nyota hakukuwa na maji, wala saruji.

Ukumbi ukanyamaza. Kile kimya tulichokipoteza kwa miaka kilirudi chote mara moja, na juu yetu yule mtu mweupe aliendelea kwenda, polepole, kama kawaida yake. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo ulikuja. Mama Cyrille alipiga kilio.

Anayekijua kilio cha msiba hakichanganyi na kingine. Kwetu mwanamke akikipiga, wanawake walio karibu hawaulizi amekufa nani; wanasimama, wanavua vitambaa vya kichwani, wanaitikia, habari wataipata baadaye. Akina mama wa sokoni wakasimama. Mama Constance akajitupa sakafuni kati ya viti. Nami nikajikuta nimefungua mtandio wangu, nalia kwa sauti nisiyoijua, namlilia Cyrille kwa mara ya kwanza.

Na huko nyuma vijana wakaanza kupiga makofi. Walidhani ni mchezo. Walidhani Papa Ramazani ameona video inamshinda, akaajiri mama wa kulia. Walishangilia, wakapiga miluzi, na mmoja akakiiga kile kilio, akakiiga vizuri sana, wakacheka mpaka filamu ikaisha bila mfasiri. Onésime alikuwa bado amesimama chini ya kitambaa, na lile gunzi miguuni pake.

Damien aliitwa kutoka Moba. Matanga yakawekwa, shati la shule la Cyrille likazikwa ndani ya sanduku dogo, na watu walilala nje kuzunguka moto kama ilivyo desturi. Onésime alikaa na wanaume. Mama Cyrille alikaa mkekani na wanawake, na siku zote hizo sikumwona akimtazama mumewe hata mara moja. Nilimpelekea uji, nikakaa karibu naye.

"Wanasema ziwa lilimuua," aliniambia. "Ziwa lilimupoteza tu. Mwenye kumuua ni baba yake, mbele ya watu, siku ya Mungu."

Nilimwambia hayo ni maneno ya uchungu. Nilimwambia neno haliui mtu. Alinitazama kama unavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba, kisha akanywa uji wake.

Matanga yakiwa bado, Jumapili iliyofuata ikafika, na vijana walikuja kwetu wengi kuliko wakati wowote. Walipanga mstari kwenye mvua. "Tunataka ile filme ya mama mwenye kulia," waliniambia mlangoni, na mmoja akaniuliza kama mama mwenyewe amekwisha kufika. Nilimpiga kofi, na kama yupo hai nampa jingine. Baba aliutazama ule mstari kwa muda mrefu. Miaka mingi hakuwa ameona mstari kama huo. Mungu amsamehe, alituma mtu msibani kwenda kumwuliza Onésime kama wiki ijayo ataweza. Onésime alijibu kwamba yeye hafasiri tena. Mwezi uliofuata Baba alinunua video.

Walipoondoa matanga, Marceline alifunga vitu vyake, akapanda boti kwenda Moba na kaka yake. Onésime alimbebea mizigo mpaka gatini. Hawakugombana. Ingekuwa heri wangegombana. Alimkabidhi mkoba wake, akamwambia awe mwangalifu na ubao ule umelowa, naye akapanda bila kugeuka. Onésime alibaki pale mpaka boti likawa nukta, na nilipomwona hivyo nikageuza uso, maana mahali pengine nilikuwa nimekwisha kuiona picha hiyo.

Hakurudi, wala hakutuma salamu. Onésime aliendelea na ukarani wake mpaka magari ya moshi yakawa machache, na makarani wakabaki wakitunza madawati. Ukumbi wetu ulijaa mateke kila siku, na Baba alikufa akiwa ameshiba na hana raha. Filme ya Kamba ilibaki stoo ndani ya masanduku yake. Joto liliigandisha, na tulipoifungua haikukunjuka tena.

Nilimwona Onésime kwa mara ya mwisho sokoni, sehemu ya samaki, mwaka ambao fedha zilibadilishwa tena. Alikuwa na lile lile shati jeupe, kola imegeuzwa. Mama Constance, ambaye alijigaragaza sakafuni siku ile na ambaye kumbukumbu yake ni fupi kama mizani yake, alimwona kutoka mbali akafurahi kwelikweli.

"Eh, Papa Cyrille!" akaita. "Umepotea sana!"

Onésime hakukasirika. Alifikiri kidogo, kama alivyokuwa akifanya zamani kabla ya kufasiri sentensi ngumu.

"Hapana, Mama," alisema. "Muntu mwenye kupotea iko na muntu wa kumungojea. Miye niko tu."

Mama Constance alicheka, akidhani ni mzaha, akamwongezea samaki mmoja mdogo juu.